Wiki ya Kwanza ya Latifa na Fomu ya Mama Ghati

Nyinyi wanachuo mnaokwenda field, kujifunza kazi maofisini, mwezi huu, sogeeni hapa. Naona mmeshanunua mashati meupe na viatu vinavyobana. Vizuri. Mimi nimekaa masjala zaidi ya miaka thelathini, nikaanzia Musoma, nikahamishiwa Bunda, nikamalizia katika ofisi moja ndogo upande wa Butiama ambayo sitaitaja jina. Muda wote huo sikuwahi kuona mwanafunzi aliyeharibikiwa kwa sababu ya shati. Walioharibikiwa kwa haraka nimewaona wengi, na mimi mwenyewe nimo.

Masjala, kwa wasioijua, ni chumba cha mafaili. Watu wakipita mlangoni wanadhani ni stoo. Lakini kila barua inayoingia ofisini inaanzia pale: inagongwa mhuri, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba kwa kalamu nyekundu, inafungwa kwenye jalada lake, ndipo inapelekwa kwa mkubwa. Mkubwa akiamka vibaya, jalada linarudi limerushwa na wewe unaliokota.

Mkifika siku ya kwanza, msalimieni mlinzi na mama wa usafi kabla ya bosi. Silisemi hili kwa ajili ya adabu peke yake. Hao wawili ndio wanaojua funguo ziko wapi, choo kipi kina maji, na bosi leo kaamkaje. Jambo la pili, msilambe kidole mnapofunua karatasi. Nilishamfukuza kijana mmoja wa chuo chumbani mwangu kwa kulamba kidole, akaenda kunisema kwa afisa utumishi, na afisa utumishi naye alikuwa mlamba vidole. Nilikaa nao hivyo hivyo.

Na chochote ambacho si cha ofisi, kisiguse meza ya barua zinazotoka. Hili nililijua kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza Musoma, shangazi yangu wa Kiriba alinitumia furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mkono wa kondakta. Akawatia kwenye bahasha ya kaki aliyoiomba shuleni, ikafungwa vizuri kabisa. Nikaiweka mezani, nikaenda kunywa chai. Tarishi akapita, akakusanya bahasha zote za kaki, na ile ya shangazi ikaenda na nyaraka za kikao. Bosi akaifungua mbele ya wageni. Nasikia mgeni mmoja akauliza kama ugali unakuja.

Mkuu wangu wa masjala wakati ule alikuwa Mzee Mugeta, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia neno moja nililolishika mpaka nastaafu: "Binti, karani wa masjala hafutagi kitu. Ukikosea, kata mstari mmoja, andika lililo sahihi pembeni, weka sahihi yako na tarehe. Mtu aone ulikosea wapi na ukajirekebisha wapi." Siku hiyo akaniandikisha furu kwenye rejista ya barua zilizopotea njia, namba kamili, kwa kalamu nyekundu.

Sasa niwaeleze habari za Latifa, maana ndizo zilizonifanya niwaite.

Latifa alikuja kwetu ikiwa imebaki miezi minne nistaafu. Alitoka chuo, mwaka wa pili, na kwao ni Tanga. Hakuwahi kufika Mara. Jumatatu asubuhi alisimama dirishani kwangu na barua yake, kilemba kimenyooka, akasema, "Shikamoo mama. Samahani kwa kukukatiza shughuli zako." Nikamwangalia. Huku kwetu mtu akikuta dirisha limefungwa anagonga kwa funguo.

Nilimpenda siku ile ile, ingawa sikumwonyesha. Alikuwa na mwandiko safi na akili nyepesi. Kosa lake lilikuwa maswali. Mama, hii naweka wapi? Mama, tarehe hii imeandikwa mwezi wa kumi na tatu, nifanyeje? Mama, kwa nini mnasema "hamnaga"? Nikamwambia tunasemaga hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosemaga, akacheka mpaka akashika meza.

Jumanne mchana alikuwa ameniuliza mara ishirini, nami nina rundo la majalada ya kukabidhi kabla sijaondoka. Ile tarehe ya mwezi wa kumi na tatu ilikuwa imerudi tena kwenye barua nyingine ya mtendaji wa kijiji yule yule. Hasira zangu mnazijua, ziko karibu. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa dogo kama hilo rekebisha mwenyewe. Chuo wanakufundisha nini? Usiniulize kila kitu." Jioni nzima hakuuliza kitu, na mimi nikafurahi kupata utulivu. Neno la Mzee Mugeta la kukata mstari na kutia sahihi sikumwambia. Nilidhani kila mtu analijua.

Jumatano nilikwenda Musoma kufuatilia karatasi zangu za kustaafu. Latifa akabaki dirishani peke yake.

Siku hiyo akaja Mama Ghati. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka kijiji kimoja ndani ya Kiabakari, mkulima, hajui kusoma. Alileta fomu ya kuomba hati ya kimila ya shamba iandikwe jina lake, kwa sababu mwenye hati, Bibi Wegesa, alikuwa amefariki. Pamoja na fomu kulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kila kitu kilijazwa kijijini na mtendaji, kikagongwa mhuri. Latifa akapokea, akamshukuru, akaanza kukagua kama nilivyomfundisha. Jina la marehemu: Wegesa. Jinsi: mwanamke. Jina la mwombaji: Ghati. Jinsi: mwanamke. Uhusiano wa mwombaji na marehemu: mke.

Mngefanyaje nyinyi? Huyu ni mtoto wa Tanga. Akaona mtendaji wa mwezi wa kumi na tatu amekosea tena. Akahesabu miaka, akaona Bibi Wegesa angeweza kabisa kumzaa Ghati. Akachukua wino mweupe wa kufutia, akapaka juu ya "mke", akapuliza, pakakauka, akaandika "mtoto" kwa mwandiko wake mzuri. Akaweka namba nyekundu, akafunga kwenye jalada. Alikuwa na furaha, baadaye aliniambia mwenyewe. Alidhani amemwokolea yule mama safari ya pili.

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua, lakini wapo wa kutoka mbali, kwa hiyo nitasema. Kwa baadhi ya watu wetu wa Mara, mwanamke asiyejaliwa mtoto, mumewe akifariki, anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Yeye ndiye mume kwa maana ya mji. Yule mwanamke anazaa, watoto wanaitwa kwa jina la mji ule, na shamba linabaki na wenyewe. Bibi Wegesa alimwoa Ghati namna hiyo, wakaishi nyumba moja miaka zaidi ya ishirini, wakalea watoto watatu. Mtendaji hakukosea hata kidogo.

Alhamisi niko kazini, nimechoka na safari, Bwana Haule akaingia na jalada mkononi. Bwana Haule ndiye aliyekuwa afisa ardhi wetu, mtu wa Songea, hakuwa amemaliza hata miezi miwili kwetu. Mtu mzuri, mkali kwa karatasi.

"Mama Bwire, tazama maajabu," akasema. "Ukoo unasema huyu mama ni mke. Fomu inasema ni mtoto. Na marehemu ni mwanamke! Nimemuuliza Wambura, yule aliyeweka pingamizi, anasema marehemu hakuzaa kabisa. Huyu mama kaghushi."

Wambura alikuwa mtoto wa shemeji yake Bibi Wegesa. Alikuwa analitaka lile shamba tangu marehemu hajapoa.

"Na hapa pamefutwa kwa wino mweupe," Bwana Haule akaendelea. "Kesho kikao cha ardhi kinakaa. Hii inakataliwa, na yeye ataandikiwa polisi."

Akaliacha jalada mezani, akatoka. Nikageuka, nikamwona Latifa amesimama kati ya kabati mbili, uso umepauka. Sikuhitaji kumuuliza. Nikaichukua ile fomu, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha penye jua. Neno "mke" likaonekana kwa nyuma, wino wa mtendaji ukiwa mzito kabisa chini ya weupe.

"Mama, nilidhani..." akaanza, na machozi yakamshuka.

Nikamweleza mila ile. Akakaa chini kwenye boksi la karatasi, mikono kichwani. Nilitaka kumfokea, wallahi nilitaka, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikakumbuka Jumanne, na maneno yangu mwenyewe. Usiniulize kila kitu. Nikafunga mdomo.

Nitawaambia ukweli, maana nimestaafu na hakuna wa kunifanya kitu. Kwa muda wa chai moja niliwaza kuichomoa ile fomu. Fomu tupu zilikuwepo kabatini. Ningempigia mtendaji simu, angejaza nyingine, ningeipa namba ile ile nyekundu, na Bwana Haule angebaki akiyashuku macho yake. Latifa angemaliza field yake salama, na mimi ningeondoka kazini nikiwa sina doa. Nani angejua?

Latifa ndiye aliyesema. "Mama, tukiibadilisha, si itakuwa kweli imeghushiwa?"

Niliona haya. Mtoto wa siku nne kazini ananikumbusha kazi yangu.

"Kesho ikikataliwa, anaweza kuomba upya?" akauliza.

Nikamwambia hapana, si kwa urahisi. Ombi jipya lingetaka muhtasari mpya wa ukoo, na mzee aliyeitisha kikao cha kwanza alikuwa ameshafariki. Sasa mkubwa wa ukoo ni Wambura. Wambura asingeitisha kikao cha kumnyang'anya Wambura. Kwa hiyo ama Mama Ghati anapata kesho, ama yeye na watoto watatu wanatoka kwenye ile nyumba. Latifa akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akaomba karatasi ya dokezo, amweleze Bwana Haule kwa maandishi.

Aliandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za kuomba msamaha, nikaichana. Nikamwambia dokezo si barua kwa mama yako: sema ulifanya nini, lini, kwa nini, kilichokuwepo mwanzo ni nini. Mistari minne ikatosha. Chini yake mimi nikaongeza mstari wangu: kwamba mwanafunzi alirekebisha kwa maelekezo yangu, na kwamba sikumfundisha namna ya kurekebisha. Nikatia sahihi.

Bwana Haule alilisoma amesimama. Akalisoma tena amekaa. "Mama Bwire," akasema, "na wewe?" Nikamwambia na mimi. Akatikisa kichwa, akasema atalipeleka kikaoni jinsi lilivyo, lakini kwake yeye fomu iliyopakwa wino mweupe ni fomu iliyopakwa wino mweupe.

Ijumaa saa nne kikao kikakaa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Kabasa, Bunda, mfanyabiashara wa pamba zamani, asiyependa maneno marefu. Wambura alikaa mbele amevaa koti. Mama Ghati alikaa pembeni na kitenge chake cha kanisani, hajui kwamba anaitwa mghushi. Latifa akaitwa kusoma dokezo lake. Alisoma kwa sauti ndogo lakini hakuruka neno. Alipofika "nilifuta neno mke kwa sababu nilidhani haliwezekani", Mama Ghati akageuka akamtazama.

Wambura akasimama upesi. "Mwenyekiti, hao ni watu wa ofisi wanalindana. Mama mkubwa hakuzaa. Huyu mama alikuwaga anamsaidia kazi tu pale nyumbani. Mambo ya kuoana wameyatunga juzi."

Mwenyekiti akamuuliza Mama Ghati, "Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mume wangu," akasema. "Alinioa kwa ng'ombe kumi na moja."

"Una shahidi? Wazee waliokuwepo wako wapi?"

"Wazee wamekufa wote." Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Lakini ng'ombe hazikuja zenyewe. Huyu Wambura ndiye aliziswaga mpaka kwetu. Alikuwa kijana, baba yangu alimpa ugali na mguu wa kuku. Moja ilikuwa jeuri, nyekundu, ikamkimbia mpaka mtoni, tukaifukuza wote. Muulizeni kama siyo."

Chumba kizima kikamgeukia Wambura. Nawaambia, nimeona watu wakibanwa na karatasi, na mihuri, na sahihi, lakini sijawahi kuona mtu aliyebanwa na ng'ombe namna ile. Akafungua kifungo cha koti. Akakifunga. Mwenyekiti akasema, "Tunasubiri."

"Haikuwa nyekundu," Wambura akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa ya madoa."

Kilichofuata kilikuwa kicheko mpaka Bwana Haule wa watu, aliyekuwa bado anataka kueleweshwa, akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Mwenyekiti aligonga meza mara tatu. Akaagiza neno la mwanzo lirudishwe, pingamizi liondolewe, hati iandikwe jina la Mama Ghati, na binti aliyelifuta aliandike tena kwa mkono wake mbele ya kikao. Mimi akaniambia nitaandikiwa onyo. Liliandikwa kweli, limo kwenye jalada langu la utumishi, na nililipa namba nyekundu mwenyewe.

Latifa akakata mstari mmoja juu ya "mtoto". Akaandika pembeni "mke". Akatia sahihi na tarehe. Wambura alitoka bila kuaga.

Niliwachukua wote wawili masjala, Latifa na Mama Ghati, ili mama aweke dole gumba kwenye fomu. Latifa alishika kidau cha wino, na mama akabonyeza kidole taratibu. Latifa akampigia magoti. "Mama, nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Inuka, binti yangu, utachafua nguo," Mama Ghati akasema. "Nimekusamehe. Lakini Jumatano ile mimi nilikaa hapo nje mpaka saa nane nasubiri gari. Ungetoka tu ukaniuliza."

"Ungeniambia ni mila yenu."

"Hapana. Ningekuambia habari zake." Alikuwa anafuta wino kwenye kidole kwa ncha ya kitenge. "Alivyokuwaga anaimba akipika. Alivyonipokea nikiwa msichana sijui chochote. Tangu tumemzika, watu wanauliza shamba, wanauliza hati. Hakuna mtu ameniuliza yeye alikuwa mtu gani."

Nilikuwa na majalada arobaini mezani, na watu wawili wanagonga kioo kwa funguo. Latifa akaweka kidau chini, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha yule mama.

"Niambie sasa, mama," akasema. "Alikuwa mtu gani?"

Nami nikafunga dirisha, nikakaa nao.